Sura ya Sita: Shoti, Mgao na Kauntabuku ya Mshahara

Basi likitoka Dodoma na kuiacha Nzega, mahali pa kwanza ndani ya Mkoa wa Shinyanga panapomlazimu dereva kuchagua njia ni Tinde. Njia moja inakwenda Shinyanga mjini na Mwanza. Nyingine inakata kushoto kwenda Isaka na Kahama, na mbele zaidi Rwanda na Burundi. Malori yanasimama, abiria wananunua mahindi ya kuchoma, madereva wanatafuta pa kulala. Njia panda ya namna hii huzaa ajira mchana na usiku: dada wa mapokezi kwenye gesti, kijana wa pampu ya mafuta, mlinzi, msaidizi wa mama lishe, fundi tairi, mwendesha mashine ya kukoboa mpunga. Ukitoka barabarani na kuingia vijijini unakuta maduara ya dhahabu na vijana wanaoshuka chini kwa kamba.

Waulize watu hawa mkataba wao uko wapi. Wengi watacheka.

Nawaandikia waajiri wao. Migodi mikubwa kama Geita na Bulyanhulu ina idara za rasilimali watu, wanasheria na wakaguzi wa hesabu, na haihitaji sura yangu. Mwajiri ninayemlenga ana gesti ya vyumba kumi na mbili, au leseni ndogo ya uchimbaji, au duka la vifaa vya ujenzi. Mishahara ameiandika kwenye kauntabuku, ukurasa mmoja na madeni ya sukari. Si mtu mbaya. Mara nyingi anamlipia mfanyakazi wake hospitali na kumchangia msibani. Lakini sheria haina kifungu cha wema, na siku ofisa kazi akifika hatauliza nani alichangia rambirambi.

Tuanze na kosa linalofanywa na pande zote mbili. Oktoba 2025 Serikali ilitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi kitapanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Redio zikaisoma habari hiyo, na kesho yake dada wa gesti akamwambia mama mwenye gesti kwamba Serikali imesema laki tatu na hamsini na nane. Mama akajibu kwamba hizo ni za watumishi wa Serikali. Wote wawili wamekosea. Watumishi wa umma wana kima chao, ambacho Rais Samia alikipandisha kutoka 370,000 hadi 500,000 alipohutubia Mei Mosi ya 2025 kule Singida, kuanzia Julai mwaka huo. Na ile 358,322 ni wastani wa sekta binafsi yote. Tanzania haina kima kimoja cha chini. Ina jedwali, na kila sekta ina mstari wake.

Jedwali hilo hutolewa na Waziri kwa Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara, chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Lilitoka la 2010, likafuata la 2013, kisha nchi ikakaa miaka tisa ndipo likaja Tangazo la Serikali Namba 687 la 2022, lililoanza kutumika Januari 2023. Chini ya amri hiyo mfanyakazi wa shamba hakupaswa kulipwa chini ya 140,000 kwa mwezi. Wa biashara na viwanda alikuwa na 150,000, wa shule binafsi 207,000. Kwenye madini, mwajiri mwenye leseni kubwa alitakiwa kulipa 500,000 na mwenye leseni ndogo 300,000. Chini kabisa alikuwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri: 60,000.

Hiyo 60,000 nitaigusa kidogo, maana inanikera. Mwezi wa kazi wa kisheria una saa 195. Gawanya, upate shilingi 308 kwa saa, kwa binti anayeamka kabla ya mwenye nyumba na kulala baada yake. Watetezi wa mstari huo husema anakula na kulala bure. Asiyelala kwa mwajiri aliwekewa 120,000, kwa hiyo jedwali lenyewe lilithamini sahani ya ugali na godoro kwa nusu ya jasho lake. Hata hivyo tusijione wa mwisho. Majirani zetu Uganda wana kima cha chini cha shilingi 6,000 za kwao kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984 na ambacho hakijabadilishwa hadi leo. Bunge lao lilipitisha muswada wa kukibadili mwaka 2019, na Rais Museveni hakuutia saini.

Kazi ya kwanza ya mwajiri, basi, ni kujua yuko mstari gani. Mwenye leseni ndogo anayefuga pia ng'ombe na kuendesha duka anaweza kuwa kwenye mistari mitatu kwa wakati mmoja, na kijana wa duara halipwi kwa mstari wa shamba eti kwa sababu duara liko shambani.

Kazi ya pili ni kuhesabu saa, na hapa ndipo wengi wanaodhani wamelipa sawasawa hukutwa na deni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaweka saa 45 kwa wiki, siku zisizozidi sita, saa tisa kwa siku. Kinachozidi hapo ni muda wa ziada, unaolipwa mara moja na nusu, na hauruhusiwi kupita saa 50 katika wiki nne. Chukua duka linalofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa moja jioni, siku sita, na mapumziko ya saa moja mchana. Hizo ni saa 60 kwa wiki. Mwenye duka aliyekuwa akilipa 150,000 mwaka 2024 aliamini amefikisha kima. Lakini 150,000 ilikuwa bei ya saa 45. Zile 15 zilizobaki, kwa shilingi 1,154 kila moja, zinafika 75,000 kwa mwezi. Alipaswa kulipa 225,000, na hata angelipa yote bado angekuwa amevuka kikomo, kwa sababu saa 15 mara wiki nne ni 60, si 50.

Mlinzi ndiye anayeonewa zaidi. Anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi, siku saba, mwezi mzima. Hata ukimtolea saa nzima ya kupumzika kila usiku, anabaki na saa 77 kwa wiki. Hakuna mshahara unaoweza kuhalalisha ratiba hiyo, maana sheria inampa angalau saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kila saa yake ina nyongeza ya asilimia 5. Dawa ni mlinzi wa pili. Mwenye gesti husikia hilo akashika kichwa, nami namwelewa. Lakini ajue kwamba anachokiita bei ya mlinzi mmoja ni kazi ya watu wawili iliyolipwa nusu.

Tuje kwenye shoti. Ukikaa kituo cha mafuta au kaunta ya baa usiku mmoja utalisikia neno hili. Zamu inapofungwa, mita inasema mafuta ya kiasi fulani yametoka, pesa mkononi ni pungufu, na pengo hilo ni shoti ya aliyekuwa zamu. Mazungumzo huwa mafupi.

"Dada, jana shoti yako elfu themanini na tano."

"Bosi, yule wa lori alinionyesha meseji ya muamala. Kumbe ni ya uongo. Hii hapa."

"Mambo ya simu mimi siyajui. Mwisho wa mwezi nakata."

Na mwisho wa mwezi anakata kweli. Hata 200,000 kwa mwezi mmoja inaweza kukatwa kwa njia hiyo, dada akaondoka na nauli ya bodaboda.

Sheria haimkatazi mwajiri kufidiwa hasara, ila imemwekea masharti, na katika mazungumzo yale hakuna hata moja lililotimizwa. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aandike sababu ya deni, kiasi chake na namna alivyokihesabu. Mfanyakazi apewe nafasi ya kweli ya kupinga. Makato yasizidi hasara halisi, na kwa mwezi yasipite robo ya ujira wa fedha. Kwa anayelipwa 150,000, robo ni 37,500, hata shoti ikiwa milioni. Na yeye mwenyewe awe amekubali kwa maandishi.

Lile neno "kosa" ndilo zito. Noti bandia iliyopokelewa gizani, chini ya taa iliyoungua ambayo bosi hajaibadilisha, ni kosa la nani? Mita isiyokaguliwa je? Muamala uliorudishwa baada ya lori kuondoka? Mwajiri mwenye busara hukaa na mhudumu wake asubuhi ileile, anaandika maelezo ya pande zote mbili kwenye karatasi moja, na wote wanasaini. Dakika kumi. Mara nyingi akishaandika ataona mwenyewe kwamba hasara hii ni ya biashara, kama mvua inavyoloweshea mtu saruji.

Shoti lakini ni jambo dogo ukilinganisha na mgao.

Kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, kuanzia vijiji vya Shinyanga hadi Nyarugusu kule Geita, mshahara kwa maana ya mshahara ni nadra. Mawe yanatoka chini kwenye mifuko, na mifuko inagawanywa: ya mwenye leseni, ya mwenye duara, ya mwenye eneo, na ya wachimbaji wenyewe. Kabla ya kugawa hutolewa gharama, yaani dizeli, baruti, magogo ya kukingia kuta, chakula cha kambini. Mchimbaji anapeleka mifuko yake karasha, mawe yanasagwa, anapata gramu zake. Duara likitema, kijana wa miaka ishirini na mbili anaweza kununua pikipiki kwa wiki moja. Lisipotema anakula ugali wa mwenye duara miezi mitatu na hadai kitu.

Mwambie mwenye leseni habari ya kima cha chini atakujibu upesi: hawa si wafanyakazi wangu, ni wabia. Wachimbaji wengi watamuunga mkono, kwa sababu mgao ni ndoto na mshahara si ndoto. Sipuuzi jibu hilo. Kuna maduara ambayo ubia upo kweli, wachimbaji wana vifaa vyao, wanaona hesabu zote, wanaondoka wakitaka na kuingia duara jingine bila kuomba ruhusa.

Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 61, haiangalii jina mlilopeana. Inaangalia mnavyoishi. Nani anaamua kazi ifanywe vipi? Nani anapanga saa? Vifaa ni vya nani? Huyu mtu anamtegemea mwingine kiuchumi? Anamfanyia kazi mmoja tu? Amefanya wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Jambo moja tu kati ya hayo likiwepo, anadhaniwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi, nakukumbusha, si kwa wiki. Mchimbaji wa kawaida anazimaliza siku tano za kwanza.

Kwa hiyo msimamizi akipiga filimbi ya kuingia chini, akigawa tochi na nyundo za tajiri, akamfukuza aliyechelewa, ubia umekwisha hapo. Yule ni mwajiriwa, na mwajiri wake yuko mstari wa leseni ndogo.

Je, mgao uondoke? Sioni sababu. Sheria ya Ajira inamjua mtu asiyelipwa kwa muda: inamhesabu kama wa kulipwa kwa wiki, na ujira wake wa wiki unapatikana kwa kupiga hesabu ya alichopata katika wiki 13 zilizotangulia. Kwa usomaji wangu, hicho ndicho kipimo ambacho mwenye leseni anapaswa kukifanya mwenyewe kabla hajafanyiwa. Jumlisha alichopata kijana katika wiki 13, gawanya, zidisha kwa 4.333. Kiasi kikipita kima cha mwezi, mgao umemtosha. Kikipungua, ongeza. Gharama ni kubwa duara linapokuwa kavu, hilo kweli. Ila hatari ya duara kavu ni ya mwenye leseni. Yeye ndiye atakayechukua fungu kubwa likitema, na haiwezekani bahati iwe yake na ukame uwe wa wote.

Kuna jambo jingine linaloufanya mjadala wa ubia uache kuwa wa maneno. Tarehe 11 Agosti 2025 ardhi ilititia katika mgodi mdogo wa dhahabu wa Nyandolwa, Shinyanga, na watu 25 wakafukiwa chini. Siutaji mgodi ule ili kumhukumu mtu. Nautaja kwa sababu baada ya ajali yoyote ya namna hiyo familia huuliza swali moja: marehemu alikuwa nani kwa mwenye mgodi? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unalipa wafanyakazi na wategemezi wao. Mbia hana pa kupeleka fomu. Na mchango unaotakiwa kwa mwajiri ni asilimia 0.5 ya mishahara, yaani shilingi 1,500 kwa mtu wa 300,000. Bei ya soda mbili.

Makato mengine nayo yanaogopwa kuliko yanavyostahili, kwa hiyo nifanye hesabu moja mbele ya msomaji. Mchimbaji wa leseni ndogo, 300,000 za amri ya 2022. Mchango wa NSSF ni asilimia 20, na mwajiri anaweza kumkata mfanyakazi hadi nusu yake: 30,000. Kodi ya mshahara, PAYE, hutozwa baada ya mchango huo kutolewa, kwa hiyo kinachobaki ni 270,000. Kiasi cha hadi 270,000 kwa mwezi hakitozwi chochote. Kodi sifuri, mkononi 270,000. Mwajiri anaongeza 30,000 zake za NSSF na 1,500 za fidia. Kama ana wafanyakazi kumi au zaidi anaongeza pia tozo ya ufundi stadi, SDL, asilimia 3.5, ambayo ni 10,500. Mtu wa laki tatu amemgharimu 342,000. Kwa mtu wa 500,000 wa leseni kubwa, NSSF inachukua 50,000, kodi ni asilimia 8 ya 180,000, yaani 14,400, na anaondoka na 435,600. PAYE na SDL zifike TRA kabla ya kupita tarehe 7 ya mwezi unaofuata.

Kosa la jinai la kweli si kukosea hesabu hizo. Ni kumkata mtu NSSF na kutoipeleka. Fedha ile si ya mwajiri hata kwa usiku mmoja, na mfanyakazi anayeangalia michango yake kwenye simu atagundua.

Upo pia ujanja wa orodha mbili, moja ya kumwonyesha mkaguzi na moja ya ukweli. Mfanyakazi anasaini amepokea 150,000, anapewa 90,000. Sheria imeukataza waziwazi: mwajiri haruhusiwi kumtaka mfanyakazi akiri kupokea zaidi ya alichopokea. Anayefanya hivyo hujiona mjanja, kumbe amemwandalia shahidi wa kumkana, maana kila aliyesaini anaijua siri.

Sasa karatasi. Waajiri wa njia panda huamini kwamba pasipo maandishi hapana kesi. Ni kinyume kabisa. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: cheo, mahali, saa, ujira. Pakitokea mgogoro na mwajiri akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha kila sharti linalodaiwa unamwangukia yeye. Dada wa gesti akifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na kusema tulipatana laki mbili na nusu, siku sita, mama mwenye gesti ndiye atakayetakiwa kuonyesha kwamba sivyo. Ataonyesha nini? Kauntabuku yenye madeni ya sukari?

Dada ana siku 30 za kufungua shauri akiachishwa isivyo halali, na siku 60 kwa madai mengine, ikiwemo mishahara. Mwajiri kwa upande wake anatakiwa kutunza kumbukumbu za ajira na malipo kwa miaka mitano baada ya mtu kuondoka. Kila malipo yaende na salari slipu, hata ya kuandikwa kwa mkono, inayoonyesha ujira, muda wa ziada, kila kato na sababu yake. Kwa wafanyakazi watatu, kazi hiyo haizidi nusu saa kwa mwezi. Lipa kwa benki au kwa simu kama mmekubaliana, kumbukumbu itajitunza yenyewe.

Na wewe uliyekuwa ukilipa juu ya kima, usidhani amri mpya imekupa ruhusa ya kushuka. Mshahara mzuri kuliko wa jedwali haupunguzwi kwa kisingizio cha jedwali.

Takwimu za sekta nilizotumia katika sura hii ni za amri ya 2022, kwa sababu ndizo zitakazopiga hesabu ya madeni ya nyuma. Kwa mshahara wa sasa chukua jedwali jipya ofisi ya kazi, tafuta mstari wako, anza kuulipa. Viwango vya zamani vilikoma tarehe 31 Desemba 2025.